Damu Imngoje Mgonjwa: Kazi ya Hospitali Kuu ya Pwani kati ya Watu wa Feri na Mji wa Kale

Katika kiwanja cha Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa, hospitali ambayo wenyeji wengi huiita Makadara tu, mna jumba moja ambalo wagonjwa hawalazwi wala dawa hazigawiwi. Vilivyomo ni vitanda vichache vya kupumzikia, meza za kupimia, mashine zizungukazo kwa kasi, na majokofu ambayo baridi yake huangaliwa mchana na usiku. Hicho ndicho kituo cha damu cha eneo la Pwani, nacho kimepewa kazi ya kuzitumikia hospitali za kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita-Taveta.

Watu hupita mbele ya lango la hospitali hiyo kila siku, wengine wakienda kumtazama mgonjwa, wengine wakienda zao kazini, wasijue kwamba jumba hilo lipo. Wanaolijua, aghalabu walilijua siku ya taabu.

Yafaa kusema tangu mwanzo jambo lililo wazi lakini husahauliwa. Dawa huagizwa ng'ambo, ikaja kwa meli au kwa ndege. Chombo kikiharibika hununuliwa kingine. Damu haiagizwi, wala hakuna kiwanda popote duniani kiitengenezacho. Haina budi itoke katika mkono wa mtu mzima wa afya, aliye karibu, na itoke kabla ya kuhitajiwa.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba nchi, kwa uchache, hupaswa kukusanya painti moja kwa mwaka kwa kila watu 100. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Karani yeyote aweza kuipiga hesabu hiyo: ni painti 12,000 na zaidi kwa mwaka, yaani 33 kila siku iendayo kwa Mungu, Jumapili, Idi na Krismasi zikiwemo. Na hiyo ni Mombasa peke yake; Kwale, Kilifi na nyingine hazijahesabiwa.

MAJI YALIYO KATI

Mombasa ni kisiwa, na mambo ya kisiwa hayafanani na ya bara. Kaskazini pana daraja la Nyali, na magharibi pana njia ya Makupa. Kusini, kwenye mkono wa bahari upitwao na meli ziingiazo Kilindini, pana Feri. Mwaka 2019 ng'ambo ya Likoni walihesabiwa watu 250,358, ilhali Mvita, ndiyo kisiwa chenyewe pamoja na Mji wa Kale, ilikuwa na watu 154,171. Maana yake ni kwamba walio ng'ambo ya Feri ni wengi kuliko walio kisiwani penye hospitali kuu, na nyuma yao iko Kwale nzima. Ni kweli kwamba tarehe 1 Januari 2021 daraja la kuelea la Liwatoni lilifunguliwa kwa waendao kwa miguu, na barabara ya Dongo Kundu imewapa wenye magari njia ya kuzunguka kwa mbali. Hata hivyo, kwa mtu wa Likoni njia ya hospitali ingali ni Feri. Gari la wagonjwa hupewa nafasi ya kwanza. Walakini chombo kikiwa ng'ambo ya pili, hata gari la wagonjwa hungoja.

Sasa na uchukuliwe mfano wa mama aliyejifungua salama saa mbili usiku, kisha damu ikakataa kukatika. Wakunga waijua hatari hiyo kuliko watu wote, kwa kuwa mama avujaye damu kwa wingi baada ya kuzaa aweza kufa kwa muda wa saa mbili tu asipopata msaada. Mumewe yuko bandarini, zamu ya usiku. Ndugu zake wako Likoni, Mtongwe na Ng'ombeni. Kama jokofuni mna damu ya kundi lake, itachukuliwa, italinganishwa na yake kwa kipimo, naye atatiwa. Kama haimo, jamaa huambiwa watafute watu wa kutoa. Hapo simu huanza kulia huku na huku. Mmoja hapokei, wa pili ana homa, wa tatu anatafuta nauli, na wa nne amekwisha fika Feri lakini chombo ndiyo kwanza kimeng'oa nanga.

Tena hata wakifika wote kwa pamoja, kuna jambo ambalo jamaa wengi hawalijui, nalo limeleta ugomvi mwingi usio na sababu kwenye milango ya wodi. Damu iliyotolewa saa ile haiwezi kutiwa saa ile. Sharti ipimwe kundi lake, kisha ipimwe kama haina virusi vya UKIMWI, homa ya ini za aina ya B na C, na kaswende. Kazi hiyo huchukua saa nyingi. Mtu humwona ndugu yake ametoa mkono, ameona kwa macho yake mfuko umejaa, halafu aambiwa mgonjwa bado hajapata. Basi hudhani amedhulumiwa. Kweli ni kwamba mfuko ule utamfaa mtu mwingine wiki ijayo. Mgonjwa wa leo huokolewa na mtu aliyetoa wiki iliyopita, ambaye hamjui wala hatamjua.

Iko shida ya pili, nayo ni ya haya. Kabla ya kutoa damu kila mtu huulizwa maswali ya siri juu ya afya yake na mwenendo wake. Aliyekuja kwa hiari yake hana sababu ya kusema uongo. Akiona kuna jambo, huondoka kimya na hakuna amwulizaye. Lakini aliyeletwa na shemeji zake watatu, nao wamemkalia nje wakimngoja, ataona haya kusema kwamba damu yake haifai. Kwa ajili hiyo wataalamu wa nchi zote huipendelea damu ya mwenye hiari kuliko damu ya jamaa aliyelazimishwa, na hapa Kenya ndiyo kanuni tangu ilipoundwa Huduma ya Taifa ya Damu.

MANENO YA MUMIANI

Haifai kulificha jambo hili, maana lingali linatembea vibarazani. Wako watu wasiotoa damu kwa sababu wameambiwa tangu utotoni habari za mumiani.

Mumiani asili yake ni jina la dawa nyeusi iliyoletwa kutoka Uajemi na Bara Hindi, watu wakaitumia kwa mivunjiko na maumivu. Pwani ukazuka uvumi kwamba dawa hiyo yatengenezwa kwa damu ya watu. Wakati wa utawala wa Waingereza uvumi huo ulienea toka miji ya pwani hata Nairobi na Kampala, na waliosingiziwa zaidi walikuwa wazima moto, kwa kuwa walivaa nguo zisizozoeleka, wakapita na magari mekundu, na kazi yao haikueleweka. Mama aliyetaka mwanawe arudi nyumbani kabla ya magharibi hakuwa na neno zito kuliko hilo. Mwanachuoni wa Marekani, Luise White, aliandika kitabu kizima juu ya maneno hayo, kilichotoka mwaka 2000. Wala hakuyacheka; alitaka kujua kwa nini watu wenye akili zao waliyaamini.

Sababu moja yaeleweka hata bila kitabu. Mtu akija na sindano, akachukua damu, akaondoka asiseme yaenda wapi, aliyeachwa nyuma atajitungia habari yake mwenyewe. Basi dawa ya mumiani ni kumwonyesha mtu kila kitu mbele ya macho yake, na watumishi wa kituo cha damu wamejifunza kufanya kazi yao hivyo.

Hema likipigwa, iwe chuoni, msikitini, kanisani, au mahali pa mkusanyiko wa watu, mambo huenda kwa utaratibu huu. Mtu huandikwa jina na umri. Sharti awe na miaka 16 hadi 65. Hupandishwa mizani, na asiyefika kilo 50 hushukuriwa na kuambiwa ajaribu baadaye. Hupimwa mwendo wa damu. Kisha hudungwa kidogo kidoleni, na tone la damu yake huangushwa katika maji ya mrututu, ule ule mrututu wa buluu ambao wazee waliutumia kwa vidonda na wakulima wa kahawa huutumia kwa kunyunyizia miti. Tone likizama upesi, damu ni nzito ya kutosha. Likielea, mtu huyo mwenyewe apungukiwa na damu, naye hupewa shauri la kwenda kutibiwa. Wengi wamejua ugonjwa wao kwa tone lile moja, hasa wanawake, bila kulipa hata senti.

Aliyepita hulazwa kitandani, akafungwa mkono, na sindano ikaingia. Kiasi kitolewacho ni mililita 450, nacho mwili wa mtu mzima una lita 5 hivi. Kazi yote ya kutoka damu haizidi dakika 10. Maji ya damu hurudi mwilini kwa siku moja au mbili. Chembe nyekundu hurudi polepole kwa muda wa wiki kadhaa, na ndiyo sababu mwanamume hutakiwa kungoja miezi 3, na mwanamke miezi 4, kabla ya kutoa tena. Mtoaji huketi kidogo, akanywa soda na kula biskuti, akaenda zake.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Mtu yule yule aiogopaye sindano ya hospitali aweza kwenda kuumikwa chuku mgongoni, akalipa fedha, akarudi nyumbani akisema mwili umekuwa mwepesi. Hakuna amlaumuye, kwa kuwa kuumika ni dawa ya tangu kale. Lakini anayesema kutoka damu kutamwua, na huku ana alama za pembe mgongoni, ameyasahau aliyoyafanya mwenyewe.

Karani naye asidharauliwe katika kazi hii. Mfuko wa damu hauna jina la mtoaji, una namba. Namba hiyo yaandikwa juu ya mfuko, juu ya vichupa vya kupimia na juu ya karatasi, nazo sharti zilingane mwanzo hata mwisho. Tarakimu moja ikikosewa, mfuko mzima hutupwa. Mtu aliyekesha akipanga tarakimu hizo amefanya kazi ya uganga sawasawa na mwenye koti jeupe.

WATOTO WENYE SELIMUNDU

Mama wazaao na watu waliogongwa na magari hujulikana kwa wote kuwa huhitaji damu. Lakini Pwani kuna kundi lingine ambalo halipigiwi kelele, nalo ni watoto wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Chembe nyekundu za mtoto huyo hupinda kama mundu, zikakwama katika mishipa, zikafa kabla ya siku zake. Mtoto hupata maumivu ya mifupa, macho huwa manjano, na mara kwa mara damu humshukia sana hata hana budi kutiwa ya mtu mwingine. Si mara moja maishani; wengine hutiwa tena na tena.

Ugonjwa huu haukuja Pwani kwa bahati mbaya. Mwaka 1949 kijana mmoja wa Kiingereza aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, ambaye wakati ule alikuwa angali akisomea udaktari, alizunguka nchi akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Akaona wenye dalili ya selimundu ni wengi katika nchi za pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache mno katika nchi za juu zenye baridi. Akatambua kwamba ramani ile ni ramani ya malaria. Mwaka 1954 alitangaza hoja yake, nayo imethibitika: mtu aliyerithi dalili hiyo kwa mzazi mmoja tu hulindwa na malaria kali, naye huishi kama watu wengine wala hajui anayo. Lakini mume na mke wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mwenye ugonjwa wenyewe. Kinga ya mababu imekuwa deni la wajukuu.

Basi mtu wa Pwani asemaye kwamba habari za damu hazimhusu, kwa kuwa kwao hakuna mjamzito wala dereva, afikiri tena. Na malaria yenyewe haijaondoka. Mtoto mchanga aweza kuishiwa na damu kwa malaria kwa muda wa siku chache, akafikishwa hospitali akiwa mweupe viganja vya mikono, naye hana nafasi ya kungoja jamaa wavuke.

SHULE ZIKIFUNGWA

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipolipuka penye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, likaua watu 213 na kujeruhi maelfu, hospitali zilitambua kwamba nchi haikuwa na akiba ya damu yenye mpango. Watu walijipanga foleni barabarani kutoa mikono yao. Moyo ulikuwapo, lakini utaratibu haukuwapo. Hapo ndipo ulipoanza mpango wa vituo vya damu vya mikoa, Mombasa ikiwa mojawapo. Nayo Pwani ilikuja kupata msiba wa namna hiyo hiyo tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya Kikambala iliposhambuliwa na watu 13 wakauawa, mbali na washambuliaji wenyewe. Siku kama hizo haziji na barua ya kutangulia.

Tangu wakati ule mzigo mkubwa wa kutoa damu umebebwa na wanafunzi wa shule za sekondari na vyuo. Sababu yake ni nyepesi: wako wengi mahali pamoja, wana afya, na mwalimu mkuu akikubali, gari moja la kituo laweza kurudi limejaa mchana ule ule. Ni jambo la kuwasifu vijana. Lakini ni jambo la kuwaaibisha watu wazima kidogo, maana ina maana kwamba mfanyakazi wa bandari, karani wa forodha, mwenye duka la Marikiti na mvuvi wa Mji wa Kale, wote wenye damu ya kutosha, wamewaachia watoto wao kazi hii. Shule zikifungwa mwezi wa Aprili, Agosti na Novemba, majokofu hupungua. Wagonjwa hawana likizo.

Mwaka 2020 udhaifu huo ulionekana wazi. Msaada mkubwa wa Marekani kwa huduma ya damu ulikuwa umekoma mwaka 2019. Kisha, tarehe 15 Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, ilitangazwa kwamba shule zote zifungwe, na wengi wa wanafunzi hawakurudi madarasani mpaka Januari 2021. Mwezi huo huo wa Machi ikaja amri ya kutotembea usiku, na foleni za Feri zikawa mashaka makubwa kwa waliotaka kuwahi majumbani. Watoaji hawakuwapo, na waliotaka kutoa waliogopa kukaribia hospitali. Akina mama hawakuacha kuzaa.

MJI WA KALE NA MILANGO YAKE

Tarehe 6 Mei 2020 Mji wa Kale ulifungwa, asiingie mtu wala asitoke, na ukakaa hivyo kwa muda wa mwezi mmoja. Ramadhani iliyobaki na Idi yake viliangukia ndani ya kifungo hicho. Watumishi wa afya walikuja na vipimo, lakini watu wengi wa Kibokoni, Kuze na mitaa iliyo jirani hawakujitokeza. Magazeti ya wakati ule yaliwasema kwa ukaidi. Haki isemwe: hofu yao haikuwa ya upuuzi. Katika siku za mwanzo waliotiwa karantini walidaiwa malipo ya malazi yao wenyewe, na mtu wa kibarua hakujua angelipa nini wala angerudi lini. Mahali ambapo wazee wa mitaa na maimamu walitangulia mbele, mlango ulifunguliwa upesi zaidi.

Yaliyopatikana kwa Korona ndiyo yapatikanayo kwa damu. Mgeni mwenye sindano hafunguliwi. Mtu ajulikanaye hufunguliwa. Kwa hiyo hekima ya watumishi wa hospitali ni kutokuja siku ya hatari tu. Mwuguzi aliyekwisha keti barazani siku ya salama, akanywa kahawa, akaulizwa maswali yote ya kipuuzi na ya maana akayajibu bila kucheka, huyo ndiye atakayesikilizwa siku akisema, “Mama, kundi hili limekwisha, twawaomba vijana wenu.”

Katika maswali hayo, moja huja kila mwaka: je, aliyefunga aweza kutoa damu? Watu wa Mji wa Kale wengi wao ni wa madhehebu ya Shafii, na katika fikihi ya madhehebu hayo kuumika hakuvunji saumu, ingawa huchukiwa kwa anayeogopa udhaifu. Mashekhe wengine, wa madhehebu nyingine, wasema huvunja. Mtumishi mwenye busara hajitii katika hitilafu hizo. Humwelekeza mtu kwa shekhe wake, naye huzichukua saa zisizo na ubishi, baada ya kufuturu na baada ya tarawehe, mtu akiwa amekula na kunywa. Kwa afya pia ndivyo ilivyo bora, kwani atokaye damu na tumbo tupu katika joto la Mombasa aweza kuanguka kwa kizunguzungu, na mmoja akianguka hadharani wengine kumi hurudi nyuma.

Waislamu wa madhehebu ya Ithnaasheri wa Mombasa wana desturi ya kutoa damu kwa kumkumbuka Imamu Hussein, nao huja kwa makundi, vijana kwa wazee, pamoja na watu wasio wa madhehebu yao. Faida ya desturi ya namna hii ni kwamba ina tarehe. Kituo kikijua mwanzoni mwa mwaka kwamba wiki fulani watakuja watu wengi, huweka tayari mifuko, wapimaji na nafasi jokofuni. Jumuiya nyingine, ziwe za dini, za wafanyakazi au za mpira, zaweza kujichagulia siku zake vile vile, na zingefanya vema kuchagua zile za likizo ya shule.

Kuchagua siku si jambo dogo, kwa kuwa damu huharibika. Chembe nyekundu hukaa siku 35 katika baridi ya kati ya digrii 2 na 6. Kwa dawa nyingine za kuhifadhia hufika siku 42. Maji ya damu yakigandishwa hukaa mwaka. Lakini chembe za kuigandisha damu, ambazo wagonjwa wa saratani huzihitaji sana, hukaa siku 5 tu, nazo hazitiwi katika baridi bali hutikiswa polepole usiku na mchana. Kwa hiyo watu 300 wakitoa siku moja ya sherehe, kisha asije mtu kwa miezi miwili, sehemu ya wema wao itamwagwa. Watu 5 kila siku ni bora kuliko 300 kwa siku moja na ngoma. Sherehe zina kazi yake ya kuamsha watu, hasa tarehe 14 Juni, Siku ya Watoaji Damu Duniani, ambayo ni siku ya kuzaliwa kwa Karl Landsteiner, daktari wa Austria aliyegundua makundi ya damu mwaka 1901. Lakini tarehe 15 Juni majokofu huhesabiwa upya.

WATUMISHI WENYEWE

Watumishi wa hospitali kuu si malaika, na mwananchi aliyengoja tangu alfajiri dirishani ana haki ya kunung'unika. Hata hivyo, wengi wao hukaa ng'ambo ya Feri kama wagonjwa wao. Mwuguzi amalizaye zamu ya usiku hushuka mteremko wa Feri asubuhi, akisukumana na umati uendao kazini kisiwani, naye hurudi jioni na begi lile lile. Ajua chombo kikichelewa ni nini. Yeye ndiye wa kwanza kuulizwa na majirani wa Likoni, “Dada, hii damu mwaichukua mwaipeleka wapi?” Na jibu lake la uvunguni mwa mwembe lasikilizwa kuliko tangazo la redio.

Katika kazi hii mna desturi moja inayofaa kuigwa: hema linapofunguliwa, mmoja wa watumishi wenyewe, awe dereva, mpimaji au mwuguzi, hulala kitandani wa kwanza watu wakitazama. Hakuna hotuba ishindayo hiyo. Mtu akiona dereva wa gari la hospitali ameinuka, amekunywa soda yake, ameshika usukani na kuondoka, mumiani hupungua nguvu.

Mtoaji hupewa kadi, na kundi lake huandikwa humo. Kadi hiyo aitunze pamoja na kitambulisho chake. Akiwa wa kundi la O, ambalo karibu nusu ya Wakenya ni wa kundi hilo, asidhani kwamba kwa kuwa wako wengi yeye hahitajiwi; ndilo litakiwalo zaidi, kwa sababu hiyo hiyo. Akiwa mwenye kundi la nadra lisilo na Rhesus, aache namba yake ya simu kituoni, maana siku moja yaweza kulia usiku. Na mtu yeyote akiombwa fedha ili apate damu, akumbuke kwamba aliyeitoa hakulipwa, akaulize kwa mkubwa wa hospitali.

Mifuko ikiisha pimwa hupangwa kwa makundi, na hospitali za nje hupeleka maombi yao. Ya Msambweni hutiwa katika sanduku la baridi, barafu chini na juu, kipimajoto kati, na dereva hutia sahihi. Gari hushuka Feri, likatangulizwa mbele ya malori, likasimama chomboni kati ya waendesha baiskeli, wachuuzi wa samaki na wanafunzi. Wengi humo hawajui sanduku lile lina nini. Huenda mmoja wao amebeba kadi mfukoni, na mfuko wake umo. Ng'ambo ya pili gari hushika njia ya kusini, kupita Ng'ombeni, Ukunda na mashamba ya minazi. Msambweni mpimaji hufungua kifuniko, akasoma joto, akaandika saa kitabuni, na kuiweka mifuko katika jokofu, yenye tarehe ya karibu mbele na yenye tarehe ya mbali nyuma.